Upatanisho wa Kisarufi katika Idadi Kubwa

Eneo la Burundi, pamoja na sehemu yake ya Ziwa Tanganyika, ni kilomita za mraba 27,834. Kihisabati, namba hii ni shufwa, na vigawo vyake tasa ni 2, 3 na 4,639. Ushufwa huonekana katika tarakimu ya mwisho, na hapo hapo ndipo unapokaa upatanisho wa kisarufi. Tukihesabu vitabu, tutasema: *vitabu elfu ishirini na saba, mia nane thelathini na vinne*. Neno *nane* halipokei *vi-* kwa kuwa linahesabu mia, si vitabu.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. *Watu elfu ishirini na nne* ni 24,000. *Watu elfu ishirini na wanne* ni 20,004. Kiambishi kimoja, tofauti ya watu 3,996! Kwa sita, saba na tisa, zisizopokea kiambishi, kinga hiyo haipo. Muuzaji wa Bujumbura akitaja *faranga elfu ishirini na saba*, kwa kawaida huelewekwa 27,000. Anayekusudia 20,007 na aseme *faranga elfu ishirini, na faranga saba*. Katika stakabadhi, tarakimu ziandikwe kando ya maneno.