Usivunje Uchumba kwa Sababu ya Homa ya Ini B

Wadogo zangu, vuteni mkeka, leo tuna maneno ya kikubwa, na yana hesabu ndani yake.

Mmoja wenu ameniandikia kwa uchungu. Mchumba wake alikwenda kuchangia damu, baadaye akapigiwa simu arudi, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Kijana wa watu hakuficha, akamweleza mwenzake siku hiyo hiyo. Sasa shangazi zake binti wameshakaa kikao na hukumu imetoka: posa irudishwe, kijana ni mhuni, ugonjwa huo hauji bure. Mdogo wangu anauliza, "Dada, nani alimwambukiza? Na mimi nifanyeje?"

Nianze na hilo la nani. Huenda kijana mwenyewe hajui na hatakaa ajue, kwa sababu wengi hupata virusi hivi hata meno hawajaota. Vinakaa kwenye damu na majimaji mengine ya mwili. Mama aliye navyo anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na watoto wadogo huambukizana kwa michubuko, vidonda, au ule wembe mmoja ulionyoa vichwa vya nyumba nzima. Mtoto mchanga akiambukizwa asipate kinga, takriban 9 kati ya 10 hubaki na virusi maisha yao yote. Mtu mzima mwenye afya njema akiambukizwa, wasiofika 5 kati ya 100 ndio hubaki navyo. Kwa wengine mwili huvifukuza wenyewe ndani ya miezi michache. Kwa hiyo ukimkuta mtu wa miaka 30 hapa kwetu anaishi na homa ya ini B sugu, yaelekea aliipata utotoni. Ngono nayo huambukiza, sikatai. Ila kipimo hakisemi ni lini wala kwa njia gani, na shangazi hana maabara.

Wala msidhani ni ugonjwa wa watu wachache wenye bahati mbaya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na homa ya ini B sugu, na kama milioni 65 kati yao walikuwa katika kanda yake ya Afrika. Katika kanda hiyo, waliokuwa wamepimwa wakajijua walikuwa takriban 4 tu kati ya kila 100. Waliobaki wanalima, wanaendesha bodaboda, wanaoa na kuolewa, hawana habari. Kinachomtofautisha mchumba wako na hao ni kwamba yeye alitoa damu, ikapimwa.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda, maana wao walipima damu ya watu nchi nzima. Katika utafiti wa mwaka 2004 na 2005, mtu mzima 1 kati ya 10 alikutwa na virusi. Lakini wastani huo ulificha mengi: kusini-magharibi walikuwa chini ya 4 kati ya 100, West Nile zaidi ya 18, na kule Karamoja karibu 24. Nchi moja, serikali moja, tofauti mara sita! Sasa niambieni, Karamoja watu ni wahuni mara sita kuliko wenzao wa kusini-magharibi? Hapana. Virusi vikishaenea mahali, mama humpa mtoto, mtoto humpa mwenzake wanayecheza naye, na kila kizazi kinakirithisha kinachofuata.

Wakapima tena mwaka 2016 na 2017. Wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikutwa navyo kwa asilimia 4.3, wanaume wakiwazidi wanawake. Kwa kiwango hicho, basi la abiria 30 lina mmoja hivi. Watoto wa chini ya miaka 15 je? Asilimia 0.6 tu. Uganda ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002, kwa hiyo karibu watoto wote hao walizaliwa chanjo ikiwapo.

Kenya ilianza chanjo hiyo mwaka 2001, Tanzania mwaka 2002. Haya, pigeni hesabu. Walio katika umri wa kuchumbiana leo, wengi wao walizaliwa kabla ya chanjo hiyo kuingia kliniki, au mwanzoni kabisa ilipoanza. Ndiyo maana habari hizi zinawakuta watu wakiwa na pete mkononi.

Sasa, wewe mdogo wangu ufanyeje? Nenda ukapime. Ukikutwa huna virusi wala kinga, utachanjwa: dozi tatu, kwa kawaida ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu ikitimia miezi sita. Hadi umalize dozi na kuthibitisha kinga imeshika, kondomu itumike. Ukikutwa tayari una kinga, umepona hofu. Ukikutwa nawe unavyo, utafuata njia ile ile ya mwenzako, na wala usianze kuhesabu nani alianza.

Yeye mwenzako kipimo kimoja hakimtoshi. Virusi vikiendelea kuonekana kwenye damu baada ya miezi sita ndipo huitwa sugu. Daktari atapima ini linavyofanya kazi, wingi wa virusi, pengine na picha ya ultrasaundi. Si kila mtu huanza dawa papo hapo. Wengine hufuatiliwa tu. Anayehitaji hupewa kidonge cha kila siku, mara nyingi tenofovir. Dawa hiyo hutumika pia kwa VVU, ndiyo maana hupimwa VVU kwanza. Asiazime vidonge vya mtu, na akishaanza asiache kwa kujiona mzima, maana virusi vinaweza kuamka vikalishambulia ini kwa kishindo.

Pombe aiage. Mizizi ya kuchemsha ya "kusafisha ini" aiache, kwa kuwa baadhi yake ndiyo inayoliumiza ini lenyewe. Na mahindi au karanga zilizoota ukungu zisiingie jikoni kwenu: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani ya ini inaongezeka maradufu na zaidi. Watu wa Dodoma na Manyara wanaijua sumukuvu. Mwaka 2016 iliua.

Kuhusu kuishi pamoja, msimtengee sahani. Homa ya ini B haiambukizi kwa kula pamoja, kunywea glasi moja, kukumbatiana wala kukohoa. Vya kutenga ni wembe, mswaki na kikatio cha kucha, kwa kuwa virusi hivi vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba. Saluni ambayo haisafishi mashine kwa dawa, ihameni. Na mganga anayechanja chale watu kumi kwa wembe mmoja, hata akisifiwa vipi, mpisheni.

Mkijaliwa mtoto, pima mapema kliniki kila mimba. Mama mwenye virusi vingi hupewa dawa miezi ya mwisho ili mtoto asiambukizwe. Mtoto apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Si kila kituo kinayo, kwa hiyo ulizia kabla uchungu haujaanza. Kisha zifuate za Penta, chanjo ya mchanganyiko yenye ile ya homa ya ini B, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kunyonyesha ruksa.

Limebaki moja, na ndilo watu husahau. Ikiwa mchumba wako aliambukizwa utotoni, basi wadogo zake na kaka zake walilelewa nyumba ile ile, na mama yao huenda anavyo mpaka leo bila dalili yoyote. Simu anayopaswa kupiga wiki hii ni ya kwao. Amweleze mama kwa upole, asimlaumu, kwa sababu mama naye alivipata bila kujua, pengine kwa mama yake. Wapimwe wote: asiye navyo achanjwe, aliye navyo aanze kufuatiliwa ini likiwa bado zima. Swali la nani alimwambukiza halina faida kwa mtu yeyote. La nani mwingine anavyo linaweza kuokoa ndugu wawili watatu, kwa hiyo hilo ndilo mkalipeleke kwenye kikao cha shangazi.