Mashairi ya Wimbo Yasikatwe na Ukurasa

Wimbo wa katikati katika makanisa yetu mengi huimbwa kwa namna ile ile: watu wote huimba kiitikio, mwimbaji mmoja au wachache hushika shairi, kisha kiitikio chaimbwa tena. Basi mtunzi huandika noti za kiitikio, na chini yake hupanga mashairi kama maneno matupu. Fungu hilo la maneno ndilo tunalotaka kulichungua leo. Noti hupewa uangalifu wote, nayo mashairi huachwa yaangukie popote.

Tumfikirie mwanakwaya wa Nansio aliyepewa karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili, kiitikio mbele na mashairi matano nyuma. Kila shairi lamdai ageuze karatasi mara mbili, kwenda na kurudi. Kwa mashairi matano ni mara kumi. Yakatikapo katikati ya shairi ni vibaya zaidi, maana mwimbaji yumo ndani ya sentensi na maneno yake yako upande wa pili. Watu husema kwaya haikufanya mazoezi, kumbe waliopangiwa vibaya ni macho yao.

Zamani za herufi za risasi, mpiga chapa aliona kwa jicho lake mahali ukurasa utakapoishia. Siku hizi kazi hiyo yafanywa na programu za kuandikia noti, kama MuseScore na LilyPond, ambazo hupatikana bure. (Waliozoea Finale, iliyoanza mwaka 1988, walitangaziwa Agosti 2024 kwamba haitaendelezwa tena, hao nao hawana budi kujifunza upya.) Programu hupima nafasi tu. Haijui kwamba mstari wa tatu ni wa shairi lile lile la mstari wa pili, mpaka iambiwe.

Katika LilyPond, fungu la maneno lililoandikwa kwa amri ya \markup nje ya noti huhesabiwa kuwa kitu kimoja kisichogawanyika. Hilo lafaa kwa shairi moja. Lakini mtu akitia mashairi manane yote katika fungu moja, na nafasi haitoshi, maneno huteremka kupita ukingo wa chini wa karatasi. Dawa yake ni kumpa kila shairi fungu lake: hapo ukurasa waweza kukatika baina ya shairi na shairi, wala si ndani yake. Kwa maneno marefu ya maelezo, ambayo si vibaya yakigawanyika, iko amri ya \markuplist, inayoruhusu mistari ivuke kwenda ukurasa wa pili. Kati ya mafungu, amri ya \pageBreak hulazimisha ukurasa mpya, na \noPageBreak huzuia. Hii ya pili yafaa kuwekwa kati ya kichwa na shairi la kwanza, kichwa kisibaki peke yake chini ya ukurasa kama yatima.

Katika MuseScore maneno hayo hukaa ndani ya kisanduku cha maneno, nayo kanuni ni ile ile: shairi moja, kisanduku kimoja, na kichwa kikae pamoja na shairi la kwanza. Ukitaka ukurasa uishie mahali fulani, chagua kisanduku au kipimo cha noti kilicho mwisho, kisha bonyeza Ctrl na Enter pamoja.

Wengi husukuma maneno kwa kurundika mistari mitupu mpaka yafike ukurasa wa pili. Twawasihi waache. Faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine yenye herufi tofauti, mistari ile huhama yote. Tena iko hatari ya karatasi yenyewe: A4 ina urefu wa milimita 297, na ile ya Kimarekani iitwayo Letter ina 279. Tofauti ya milimita 18 ni kama mistari mitatu ya maneno. Chagueni A4 kabla ya kuandika noti ya kwanza.

Mashairi yasipoenea chini ya kiitikio, wengine hupunguza herufi. Sisi hatuoni vema. Wazee wa sauti ya nne wana haki ya kusoma. Afadhali kuyapanga mashairi kwa safu mbili sambamba. Yasipoenea hata hivyo, kiitikio kiwe ukurasa wa kushoto na mashairi wa kulia, ili kijitabu kikifunguliwa vyote vionekane pamoja. Yaani wimbo uanzie ukurasa wa namba shufwa. Huenda ukurasa mmoja kabla yake ukabaki mtupu. Twajua karatasi ina bei, hasa kisiwani ambako huvushwa ziwani, lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kurudufu nakala arobaini mara ya pili.

Kabla ya kurudufu, chapeni nakala moja tu, mpeni mwimbaji ambaye hajauona wimbo huo, na mhesabu ni mara ngapi anageuza karatasi.