Dondoo muhimu: Viza ya Schengen kwa anayetoka Kilosa au Mikumi

Ukialikwa Ujerumani au Ufaransa, anza na majina. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na pasipoti viwe na jina lile lile, herufi kwa herufi. “Saidi” hapa na “Said” pale ni usumbufu mkubwa. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu, na iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya.

Viza ya muda mfupi inakuruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15. Usingoje hizo 15. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari isipungue euro 30,000.

Wengi hukwama kwenye kuthibitisha kwamba watarudi. Mwajiriwa ana barua ya likizo. Mkulima wa miwa wa Ruhembe naye asijidharau: stakabadhi za malipo ya miwa, hati ya shamba na taarifa ya benki ya miezi kadhaa ni ushahidi mzuri. Fedha za kuazima zilizoingizwa benki juzi tu huonekana, na humharibia mwombaji.

Alama za vidole hutolewa ana kwa ana, Dar es Salaam. Wa Kilosa wana treni ya SGR. Wa Mikumi wafike mjini siku moja kabla. Ukishapata viza, barua ya mwaliko, bima na tiketi ya kurudi vikae kwenye mkoba wa mkononi, maana ofisa wa mpakani anaweza kuviomba.