Akiba ya chini ya godoro

Ndugu wafanyakazi, tukumbuke Juni 2023. Benki Kuu ya Burundi ilitangaza kwamba noti za faranga 5,000 na 10,000 za mwaka 2018 zitakoma baada ya siku 10. Aliyezificha nyumbani alikimbilia foleni ya benki. Aliyechelewa alibaki na karatasi. Mwezi mmoja kabla, faranga yenyewe ilikuwa imeshushwa thamani mbele ya dola.

Basi nyumbani tuache pesa za wiki moja tu. Nyingine zipelekwe COOPEC siku ileile ya mshahara. Lakini hata huko bei huzila. Kwa hiyo wakati wa mavuno tuchange watu watatu wanne, tununue gunia la maharagwe. Bei ya soko tuwaulize wake zetu, wanaijua kuliko sisi. Na yaanikwe vizuri, yasiingie wadudu.