Matembezi ya Jamaa Baada ya Kipupwe

Kipupwe kimekwisha. Miezi ya Juni, Julai na Agosti imepita na baridi yake. Kule Njombe na Makete asubuhi hazikatishi tamaa tena, na huku pwani upepo wa kusi umepungua nguvu. Mvua za vuli bado hazijaanza. Njia ni kavu, anga limetakata, na mtu aweza kutembea bila kuogopa matope wala jua kali mno.

Wakati kama huu watoto huwauliza wazazi wao: “Baba, sisi tutakwenda wapi?” Na katika nyumba nyingi jibu ni moja: “Hatuna fedha.” Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Lakini mtoto anayelisikia mwaka baada ya mwaka hujifunza jambo jingine ambalo baba yake hakukusudia kumfundisha, yaani kwamba furaha ni mali ya matajiri, na kwamba nyumbani kwao ni mahali pa kula na kulala tu. Mtoto huyo akitimiza miaka kumi na sita atajitafutia furaha mwenyewe, wala hatamwomba mtu ruhusa. Basi yafaa tulichunguze jambo hili.

1. Kupumzika si uvivu

Mitume waliporudi kutoka katika kazi ya kuhubiri, watu waliwasonga hata wakakosa nafasi ya kula. Bwana wetu hakuwaambia waongeze bidii. Aliwaita waende naye mahali pa faragha, wapumzike kidogo. Kanisa limelishika fundisho hilo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Gaudium et Spes ya mwaka 1965, wafundisha kwamba wafanyakazi wote wapewe mapumziko na nafasi ya kutosha kwa ajili ya jamaa zao, elimu yao, ujirani na ibada. Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1247, yatutaka Dominika tuache kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana, na mapumziko ya roho na mwili. Angalia, ndugu msomaji: furaha imetajwa pamoja na ibada. Baba akiona fahari kwamba hajapumzika na watoto wake hata siku moja, asidhani kwamba ameishika sheria yote.

2. Jamaa Takatifu ilikuwa maskini, nayo ilisafiri

Mtakatifu Yosefu alikuwa fundi seremala. Siku ya kumtolea Mtoto Hekaluni, sadaka yao ilikuwa ile ya maskini, ndege wawili tu. Hata hivyo Mtakatifu Luka atuambia kwamba walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Sikukuu ya Pasaka, yaani baada ya majira ya baridi na mvua ya nchi ile. Ilikuwa safari ya siku kadhaa. Waliiwezaje? Walikwenda pamoja na ndugu na majirani, hata Mtoto alipobaki nyuma wazazi walidhani yumo katika msafara. Hapa twapata mafundisho mawili. Kwanza, safari yao ilikuwa na maana, haikuwa ya kujionyesha. Pili, walishirikiana na wenzao. Maskini asafiripo peke yake hulemewa, bali asafiripo na wenzake mzigo hugawanyika.

3. Mahali papo

Wengine hudhani kwamba matembezi ni hoteli na vinywaji vya bei. Twasema sivyo. Aliye Dar es Salaam aweza kuondoka baada ya Misa ya kwanza akaenda Bagamoyo, karibu kilomita 70. Huko Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, nao wakawapokea watumwa waliokombolewa. Mbuyu uliopandwa na wamisionari ungalipo. Mnara wa kanisa la zamani ungalipo pia, na usiku mmoja wa Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa humo, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bara. Mtoto akisimama mahali pale na kusimuliwa habari hiyo, atajua uaminifu ni nini kuliko akiusoma katika daftari. Jioni bahari ipo, na kuitazama hakuna kiingilio.

Aliye Mwanza anayo Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika, alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Ngoma, vifaa vya watemi na nyumba za jadi zimehifadhiwa huko, na kanisa lake limejengwa kwa umbo la mviringo kama nyumba za wenyeji. Aliye Iringa anayo Isimila yenye zana za mawe za watu wa kale, na Kalenga linapotunzwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Asiyeweza hata hayo anacho kilima cha jirani, mto, au nyumba ya bibi anayengoja kutembelewa. Huenda hii ya mwisho ikawa safari bora kuliko zote.

4. Namna ya kuipangia fedha

Haba na haba hujaza kibaba. Jamaa ikitia shilingi 1,000 katika kibubu kila Dominika tangu Pasaka hadi mwisho wa Septemba, ni majuma zaidi ya ishirini, yaani zaidi ya shilingi 20,000. Zisipotosha kwenda mbali, zitatosha kwenda karibu. Watoto wazihesabu wenyewe, maana aliyeweka akiba hujua thamani ya siku yenyewe.

Chakula kipikwe nyumbani: wali au viazi, mayai ya kuchemsha, matunda, na maji ya kunywa. Gharama ya safari nyingi huliwa njiani. Viingilio viulizwe kabla ya siku ile, kwani pengine raia hulipa kidogo kuliko wageni, na mtoto kidogo kuliko mtu mzima. Jumuiya ndogo ndogo yaweza kukodi gari moja kwa pamoja, lakini lisijazwe kupita kiasi ili kuokoa fedha kidogo.

Tena mtu asikope kwa ajili ya matembezi. Furaha ya siku moja inayolipwa kwa miezi mitatu si furaha. Baba naye asizifanye fedha za watoto kuwa fedha za pombe mara afikapo ufukoni. Watoto wanaocheza majini wawe na mtu mzima wa kuwaangalia saa zote. Na taka tulizokwenda nazo, turudi nazo.

Wazazi wapenzi, miaka ya watoto nyumbani ni michache. Sare za shule zitachakaa na kusahauliwa, lakini mtoto hasahau siku ile baba alipovua viatu akatembea naye mchangani. Tusingoje utajiri ndipo tufurahi pamoja, maana huenda ukachelewa, nao watoto hawatatungoja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Mara ya mwisho sisi sote tulitoka pamoja lini?
2. Ni matumizi gani ya kila juma tunayoweza kuyapunguza bila kuumia?
3. Ni jirani gani, mjane au yatima, tunayeweza kumchukua katika safari yetu?