Kompyuta ya Zamani Bado Ina Kazi Nyumbani

Katika nyumba nyingi wilayani, kompyuta mpakato iliyochakaa haitupwi wala haitumiki. Huwekwa juu ya kabati au uvunguni mwa kitanda, imefungwa ndani ya begi lake, ikisubiri siku ambayo fundi atapatikana au mnunuzi wa vyuma chakavu atapita. Vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, kama vile Kindle, vilivyoletwa na ndugu waishio nje ya nchi, navyo huishia humo humo. Wakati huo huo mtoto wa nyumba hiyo huazima simu ya mzazi ili asome baiolojia, na bando likiisha, somo nalo limekwisha.

Hali hiyo inaweza kubadilishwa kwa gharama ndogo. Siri yake ni kuacha kudai kwamba mashine ya zamani ifanye kila kitu ilichokifanya ilipokuwa mpya. Ipewe kazi moja inayoiweza, na vitu visivyohitajika katika kazi hiyo viondolewe.

Kinachokufa mara nyingi ni kipande kimoja

Wakazi wengi husema kompyuta "imekufa" wakati ambapo kilichokufa ni betri, chaja au diski tu. Kabla ya kuihukumu, inafaa ipimwe kwa utaratibu. Ijaribiwe kwa chaja nyingine ya aina ile ile yenye volti zile zile. Ikiwa betri yake ni ya kuchomoka, ichomolewe, kisha mashine iwashwe kwa umeme wa ukutani peke yake. Kompyuta nyingi za zamani huwaka bila betri. Ikiwaka na kuzimika baada ya dakika chache huku imepata moto, huenda feni imeziba vumbi, na kusafisha feni ni kazi ambayo fundi huimaliza kwa muda mfupi. Kama inawaka lakini huchukua dakika kumi kufungua faili moja, tatizo linaweza kuwa diski ya kuzunguka iliyochoka. Kuibadilisha kwa diski ya aina ya SSD, hata ndogo ya GB 120, hufanya mashine ya miaka kumi iwake kwa muda usiofika dakika moja. Fedha ikiwa ni ya matengenezo ya kitu kimoja tu, itumike hapo. Kuongeza kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita ramu, kutoka GB 2 hadi GB 4 au zaidi, huja nafasi ya pili.

Ipo sababu nyingine iliyofanya kompyuta nyingi nzima zionekane mbovu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya bure kwa mfumo wa Windows 10, uliokuwa umetumika tangu mwaka 2015. Mfumo unaofuata, Windows 11, unadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na vichakata vya miaka ya karibuni, masharti ambayo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziyatimizi. Ieleweke vizuri kwamba Windows 10 haikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni viraka vya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja. Mashine isiyopata viraka haifai kuachwa ikifungua akaunti ya benki au barua pepe, lakini haina kosa lolote ikitumika bila intaneti.

Anayetaka kuendelea kuingia mtandaoni kwa usalama anao mlango mwingine, nao ni mifumo huria ya Linux, inayotolewa bila malipo. Linux Mint, hasa toleo lake jepesi la Xfce, linamfaa aliyezoea Windows kwa kuwa mpangilio wake unafanana nao. Linahitaji kumbukumbu isiyopungua GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayopendekezwa, pamoja na nafasi ya diski ya GB 20. Huja pamoja na LibreOffice, programu inayofungua na kuandika nyaraka za Word na Excel. Jambo zuri zaidi ni kwamba mfumo huo hujaribiwa kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Mtu huandaa flashi ya GB 8, huichomeka, huwasha mashine huku akibonyeza kitufe cha F12, F2 au Esc kulingana na mtengenezaji, kisha huchagua kuanzia kwenye flashi. Asiporidhika, huzima na kuichomoa, na kila kitu hubaki kama kilivyokuwa. Akiridhika na kuamua kuusakinisha, basi ajue kwamba kusakinisha kunaweza kufuta diski nzima; picha na nyaraka zinakiliwe kwanza mahali pengine. Kompyuta kongwe sana za biti 32 hazikubali matoleo mapya ya Linux Mint, na fundi anaweza kulithibitisha hilo kabla ya kupoteza bando kwa kupakua.

Maktaba ya nyumbani isiyohitaji bando

Miongoni mwa kazi zote zinazoweza kupewa kompyuta ya zamani, hii ndiyo yenye faida kubwa kwa familia yenye wanafunzi, na ndiyo inayofahamika kidogo.

Kuna programu ya bure iitwayo Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo huhifadhi Wikipedia nzima ndani ya faili moja ili isomwe bila intaneti. Lugha nyingi zina faili lake, Kiswahili kikiwamo. Faili la Kiswahili huenea katika flashi ya kawaida. Lile la Kiingereza lenye picha zote huzidi GB 90, lakini yapo matoleo madogo yasiyo na picha na mengine ya mada moja moja, kama vile tiba, ambayo yanamtosha mwanafunzi wa sekondari. Faili hupakuliwa mara moja tu, mahali penye intaneti ya uhakika, kisha hukaa ndani ya kompyuta kwa miaka.

Wengi hawajui kwamba kompyuta hiyo inaweza kuwahudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja. Ikiwekwa hotspoti yake yenyewe, na Kiwix ikaamriwa kugawa maktaba yake, simu zote zilizo ndani ya nyumba huunganishwa nayo kwa Wi-Fi na kusoma makala kupitia kivinjari. Hakuna bando linalotumika, kwa sababu data haitoki nje ya nyumba. Programu nyingine ya namna hiyo, Kolibri, iliundwa mahususi kwa ajili ya maeneo yasiyo na intaneti. Humwezesha mzazi au mwalimu kupanga masomo, video na mazoezi, na kuona ni mtoto gani amefika wapi. Kolibri inadai nguvu na nafasi zaidi, hivyo kwa mashine dhaifu ni busara kuanza na Kiwix.

Juu ya hayo huongezwa vitabu vya kiada. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo maktaba mtandao yenye vitabu vya mitaala. Mzazi anayepata intaneti mara moja kwa wiki anaweza kuweka kwenye kompyuta vitabu vinavyoruhusiwa kupakuliwa, vikapangwa katika mafolda kwa darasa na somo. Mpangilio huo unaonekana kuwa jambo dogo, ila mtoto anayefungua folda moja yenye faili 200 zisizo na majina ya kueleweka ataifunga na kurudi kwenye video za simu.

Faida nyingine ya kompyuta mpakato ni umeme. Betri iliyobakiza hata saa moja ya uhai huivusha kazi wakati umeme unapokatika ghafla, jambo ambalo kompyuta ya mezani haliwezi bila kifaa cha akiba. Matumizi yake ya uniti za LUKU pia ni madogo: mashine ya namna hii kwa kawaida hutumia kati ya wati 20 na 60, na mfumo mdogo wa sola wa nyumbani wenye kigeuza umeme huweza kuihimili jioni moja ya masomo.

Kindle na wenzake

Kifaa cha kusomea vitabu ni tofauti na kishikwambi. Kioo chake hutumia wino wa kielektroniki, ambao hula umeme pale tu ukurasa unapogeuzwa. Ndiyo maana chaji moja hudumu kwa wiki kadhaa, na maandishi husomeka juani kama karatasi. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilipeleka vifaa vya aina hii katika shule za nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Ghana na Kenya, na sifa hizo mbili zilikuwa na uzito mkubwa katika mazingira ya umeme haba.

Kifaa kilichopoteza uwezo wa kuingia katika duka la mtandaoni hakijapoteza uwezo wa kusoma. Huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na vitabu hunakiliwa ndani yake kama faili za kawaida. Tatizo la kawaida ni muundo wa faili, kwa kuwa Kindle za zamani hazifungui EPUB zinapowekewa moja kwa moja kwa waya. Programu ya bure ya Calibre hubadili EPUB kuwa MOBI au AZW3 kwa kubonyeza mara chache. Vitabu visivyo na hakimiliki hupatikana kwa halali katika hazina ya Project Gutenberg, yenye zaidi ya vitabu 70,000, vingi vikiwa vya Kiingereza, na mradi wa African Storybook una hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo.

Ni vyema matarajio yawe na mipaka. Kitabu cha kiada cha PDF chenye michoro na majedwali, kilichotengenezwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4, husumbua mno katika kioo cha inchi sita. Hicho kisomewe kwenye kompyuta. Kazi ya kifaa hiki ni riwaya, hadithi na maandishi marefu. Kwa mtoto anayejifunza kusoma kwa ufasaha, kifaa ambacho kazi yake kuu ni kitabu, kisicholia kila dakika kwa ujumbe mpya, kina thamani kuliko simu ya bei kubwa. Wapo pia wanaokigeuza kuwa kalenda ya ukutani. Inapendeza, ingawa kwa nyumba yenye wasomaji ni kupoteza msomeshaji.

Daftari la duka na la kikundi

Kompyuta isiyounganishwa na intaneti ni daftari zuri la hesabu. Mwenye duka la rejareja anaweza kuandika mali iliyoingia, iliyotoka na madeni ya wateja. Katibu wa VICOBA anaweza kutunza hisa na mikopo ya wanachama, jumla zikijikokotoa zenyewe. Sharti ni moja, nakala iwekwe kwenye flashi kila wiki, na flashi hiyo isikae katika begi moja na kompyuta.

Kabla ya kuuza au kugawa

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea kimyakimya. Kufuta faili, hata kumwaga pipa la taka la kompyuta, hakuondoi yaliyoandikwa kwenye diski. Huondoa tu alama ya mahali yalipo. Fundi mwenye programu ya kurejesha faili anaweza kuyarudisha: picha za familia, nakala ya kitambulisho cha taifa, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, orodha ya wanachama na namba zao za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu wa kulinda taarifa hizo kwa wanaozikusanya na kuzichakata, na viongozi wa vikundi wanapaswa kulichukulia jambo hili kwa uzito kabla ya kumkabidhi mtu mwingine mashine yenye kumbukumbu za wanachama.

Njia rahisi kwa mkazi ni kuiondoa diski na kubaki nayo. Ikitiwa ndani ya kava lake lenye waya wa USB, huwa ghala la nje la picha na nyaraka, nayo ni kazi mpya kwa kipande ambacho kingeuzwa bure. Kompyuta itolewe bila diski, au ikiwa na diski nyingine. Kwa kifaa cha kusomea vitabu, mwenye nacho aondoe akaunti yake katika mipangilio, kisha akirejeshe katika hali ya kiwandani.

Kilichokufa kweli kweli

Betri iliyovimba haina kazi mpya. Dalili zake ni kifuniko kisichofunga sawasawa, kibodi iliyoinuka, au sehemu ya kusogezea mshale iliyobonyea juu. Ikionekana hivyo, chaja ichomolewe na mashine iachwe kutumika. Betri ya lithiamu haitobolewi, haichomwi moto wala haifukiwi katika shimo la taka la nyumbani, kwani hulipuka na moto wake ni mgumu kuzima. Vijana wanaofungua betri za kompyuta ili kupata seli za kutengenezea tochi na pawabenki wana ubunifu wa kusifiwa, lakini seli iliyochoka ikichajiwa bila kidhibiti inaweza kuunguza chumba usiku watu wamelala.

Kuchoma nyaya ili kupata shaba nako kuachwe. Moshi wa plastiki hizo una sumu, na risasi iliyomo katika lehemu za bodi za zamani hubaki kwenye udongo ambamo kuku huchakura na watoto hucheza. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Hapa nchini, kanuni za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinawataka wanaoshughulika na taka hizo wawe na vibali. Mkazi ana haki ya kumwomba mkusanyaji aonyeshe kibali chake.

Mwenye kifaa cha namna hiyo akiweke mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na watoto. Betri iliyochomolewa izibwe ncha zake kwa selotepu na itengwe na vyuma vingine. Kisha atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kata au Afisa Mazingira, akieleza aina ya kifaa, idadi, na iwapo betri imevimba, ili aelekezwe kwa mkusanyaji mwenye kibali.