Somo kwa Makatibu: Kuufikia Mwisho wa Orodha

Katibu aliyezoea leja ya karatasi huujua mwisho wa orodha kwa macho: hufunua kurasa mpaka akafika penye mstari uliopigwa chini ya jumla. Katika lahajedwali ya kompyuta hakuna ukurasa wa mwisho wa kufunua. Karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576 na safu 16,384, na kioo huonyesha sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo vitufe vya kusogelea katika orodha si vya kuharakisha kazi peke yake. Ndivyo vinavyomjulisha katibu kama wanachama wote wamo katika hesabu.

Vitufe vyenyewe ni vichache. Ctrl na Home, vikibonywa pamoja, humrudisha katibu mwanzo wa karatasi. Ctrl na Page Down humpeleka karatasi inayofuata, kwa mfano kutoka mapokezi ya Julai hadi ya Agosti. Ctrl pamoja na mshale wowote huruka hadi ukingo wa maandishi upande unakoelekea mshale. Akiongeza Shift, seli zote zilizopitwa huchaguliwa, na chini ya kioo huonekana idadi yake na, zikiwa ni tarakimu, jumla yake. Ikitokea mishale inasogeza ukurasa mzima badala ya seli, aghalabu Scroll Lock imebonywa bila kukusudia.

Mshale wa chini ndio unaotaka uangalifu. Pamoja na Ctrl, hauendi mwisho wa orodha. Huishia kwenye seli ya mwisho kabla ya seli tupu. Ichukuliwe kwamba chama chenye wanachama 430 kinatayarisha malipo ya pili. Namba za uanachama zimo katika safu A kuanzia mstari wa 2, na karani ameacha mstari wa 214 mtupu ili kutenganisha vijiji viwili. Katibu akisimama A2 na kubonya Ctrl, Shift na mshale wa chini, uchaguzi utakomea mstari wa 213, na idadi itasomeka 212. Akiijumlisha safu ya kilo kwa njia hiyo hiyo, jumla itakuwa sahihi kwa hao 212. Kompyuta haitatoa onyo lolote. Wanachama 218 wa kijiji cha pili watakosa fedha zao kwa ajili ya mstari mmoja ulioachwa kwa nia njema ya unadhifu.

Kinga yake ni kupanda kutoka chini. Katibu aendelee kubonya Ctrl na mshale wa chini mpaka afike mstari wa 1,048,576, kisha abonye Ctrl na mshale wa juu mara moja tu. Atasimama penye maandishi ya mwisho ya safu ile, yaani mstari wa 432. Kila kituo alichosimama njiani kabla ya kufika huko ni dalili ya pengo linalopaswa kuchunguzwa. Zoezi hili lifanywe katika safu ya namba za uanachama, si ya kilo, kwa kuwa asiyeleta mazao mara nyingi huachiwa seli tupu, ingawa ingefaa aandikiwe 0.

Ctrl na End hupendwa na wengi kwa sababu huruka mara moja, lakini vitufe hivyo vyaweza kusimama mbali chini ya orodha, mahali palipowahi kuandikwa kitu kikafutwa. Visitegemewe katika kuhesabu watu.

Mstari mtupu ukishapatikana ufutwe, na jina la kijiji liandikwe katika safu yake mbele ya kila mwanachama. Kisha katibu achague safu A upya, aisome idadi iliyo chini ya kioo, na ailinganishe na rejista ya wanachama kabla orodha ya malipo haijapelekwa kwa mweka hazina.